Guinness ya Brussels, Guinness ya Nakuru

Jumapili moja jioni, katika baa ya Kiairishi hapa Brussels, rafiki yangu wa Cork, Ireland, alipiga funda moja la Guinness yake, akaisogeza glasi katikati ya meza, na hakuigusa tena.

"Unaona?" akasema. "Guinness haivuki bahari."

Nikaonja yangu. Povu lilikuwa la matundu makubwa makubwa, limeanza kupasuka kabla mhudumu hajatuachia glasi. Bia ilikuwa baridi kupita kiasi, na baridi ile ilipopungua kinywani ukaja uchachu, na nyuma ya uchachu ladha ya sarafu iliyolambwa. Meza nzima ilikubaliana naye. Ni usemi ambao kila Mwairishi niliyekutana naye ughaibuni anao, na huutoa kwa upole, bila kutaka ubishi.

Nami sikubisha. Tuliagiza kitu kingine, tukaendelea na habari za kazi na kodi za nyumba.

Ila kwenye tramu ya kurudi nyumbani swali likanikamata, na wiki zote hizi halijaniachia.

Kama haivuki bahari, mjomba wangu kule Nakuru amekuwa akinywa nini?

## Moto au baridi

Mjomba hunywa Guinness moto. Msomaji wa Kenya haniulizi maana yake: chupa imetolewa kwenye kreti, haijaona friji. Hamruhusu mhudumu amimine. Huilaza glasi mwenyewe, akaiteremsha bia taratibu kandokando, akangoja povu la kahawia lipande na litulie, ndipo anyanyue. Kwa mtazamo wake Tusker ni ya kukata kiu na Guinness ni ya kuzungumzia. Wakati wa matanga, wakati wa ruracio, yaani kupeleka mahari, wakati wa kugawa shamba, chupa ile nyeusi ndiyo iliyokuwa mbele yake.

Na inaongeza damu. Hilo pia msomaji haniulizi. Nimekua nikisikia kwamba mama aliyejifungua apewe kidogo, na mgonjwa aliyetoka hospitali apewe kidogo. Imani hiyo haikuzaliwa Bonde la Ufa. Mwaka 1929 kampuni ilianza kutangaza Uingereza kwamba Guinness inakufaa mwilini, na kwa miaka mingi watu waliotoa damu huko walipewa chupa wajiburudishe. Chuma kilichomo ni kidogo mno, hakiwezi kumjaza mtu damu. Lakini tazama imani ilivyosafiri salama mpaka vijijini kwetu.

Kwa hiyo nilikua nikiijua stauti, bia nyeusi ya aina ya Guinness, kama kitu kizito: uchungu wa shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, utamu wa sukari guru chini yake, gesi inayouma ulimi, na kilevi ambacho hakitaki haraka. Nilipofika Ulaya nikapewa glasi yangu ya kwanza ya bomba, niligeuka kumtazama mhudumu. Ilikuwa laini, nyepesi, haina gesi ya kuuma, na kilevi chake ni asilimia 4 na kitu, chini ya bia nyingi za Ubelgiji zilizopangwa kwenye rafu nyuma yake.

Nembo ni ileile ya kinubi. Bia ni mbili.

Hili ndilo lililonisumbua kwenye tramu. Rafiki yangu alikuwa akiizungumzia moja, na kwa kuizungumzia moja alikuwa ameifuta nyingine, ile niliyokua nayo.

## Ipi ilitangulia

Nilirudi kwenye tarehe, kwa sababu tarehe hazina ugomvi na mtu.

Arthur Guinness alitia saini mkataba wa kiwanda cha St. James's Gate, Dublin, mwaka 1759: miaka 9,000 kwa paundi 45 kila mwaka. Mwaka 1801 watengenezaji wake waliandika utaratibu wa bia waliyoiita West India Porter, ya kupelekwa Karibiani. Waliongeza hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuongeza kilevi, kwa kuwa vyote viwili huilinda bia isioze melini katika joto. Hiyo ndiyo asili ya Foreign Extra Stout, chupa ya mjomba. Mwaka 1827 Guinness ilikuwa imeshafika Sierra Leone.

Ile laini ya bomba je?

Mwaka 1951 kampuni ilimwajiri Michael Ash, mwanahisabati aliyesomea Cambridge. Yeye na wenzake walihangaika na tatizo la namna ya kuitoa stauti kwenye pipa ikiwa na povu zuri kila mara, bila kutegemea ustadi wa mzee mmoja nyuma ya kaunta anayechanganya bia ya mapipa mawili. Jawabu likawa naitrojeni. Gesi hii haiyeyuki kirahisi kwenye bia, hivyo ikilazimishwa kupita kwenye kisahani chenye vitundu vidogo ndani ya bomba hutoka kama viputo vidogo mno, na viputo hivyo ndivyo vinavyoleta ulaini wote ule. Mfumo huo uliingia sokoni mwaka 1959.

Basi bia iliyoundwa makusudi ivuke bahari inaitangulia ile ya bomba kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Nilimwandikia rafiki yangu haya yote usiku, ujumbe mrefu. Asubuhi akajibu kwa sentensi mbili: "Hiyo ni historia, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nasema habari ya ile glasi."

Hapo alinibana. Ile glasi ilikuwa mbaya, na tarehe zangu hazikuelezea ubaya wake hata kidogo.

## Wanne walizunguka wakipima

Kuna watu waliolichukua swali hili kwa uzito wote. Mwaka 2011 jarida la kisayansi la mambo ya chakula, *Journal of Food Science*, lilichapisha utafiti wa watu wanne wa mataifa tofauti ambao kwa mwaka mmoja walionja Guinness kila walikosafiri na kuipa alama kutoka 0 hadi 100. Walionja mara 103, katika baa 71, miji 33, nchi 14. Guinness iliyonywewa Ireland ilipata wastani wa 74. Ya kwingineko ilipata 57.

Wapimaji walijua wako wapi, bila shaka. Huwezi kumkalisha mtu Galway akadhani yuko Frankfurt. Lakini walipima pia mandhari ya baa, sura ya glasi na ladha inayobaki kinywani, wakayaondoa hayo katika hesabu, na bado pengo likabaki.

(Hesabu zenyewe zina ukoo na kiwanda. William Sealy Gosset aliajiriwa na Guinness Dublin mwaka 1899, na mwaka 1908 akachapisha, kwa jina la kujificha la "Student", njia ya kupima data chache ili ijulikane kama tofauti iliyoonekana ni ya kweli au ni bahati tu. Wanafunzi wetu wa takwimu wanaifanya hadi leo, wengi bila kujua kuwa ilizaliwa kwenye harufu ya kimea.)

Rafiki yangu angefurahia utafiti ule. Nami niliusoma mara mbili nikitafuta pa kushika.

Pa kwanza: bia ya bomba inayouzwa Ulaya hutoka Dublin. Pipa la Brussels na pipa la Dublin vimejazwa bia moja. Wanaosema siri ni maji ya Liffey, mto unaopita Dublin, wasahau, maji ya kiwanda hutoka milima ya Wicklow, na yalishaingia kwenye pipa kabla halijafungwa.

Pa pili: Uingereza ilikuwa na kiwanda chake cha Guinness pale Park Royal, London, kuanzia 1936 hadi 2005. Miaka yote hiyo wanywaji walilalamika kwamba ya London haiifikii ya Dublin. Kiwanda kikafungwa, bia yote ikaanza kuletwa kutoka Dublin. Malalamiko yakabaki palepale.

Pa tatu pananihusu mimi zaidi. 57 ni wastani. Ndani yake huenda kuna glasi za 30 na glasi za 80. Kama hata moja ilipata 80 Ujerumani au Marekani, basi bahari haina kosa, na kuna mtu mahali fulani aliyefanya kitu sawasawa.

Alifanya nini?

## Binamu anauliza swali

Jibu nililipata kwa simu, kutoka Nakuru, kwa binamu yangu anayeuza kegi.

Ninajua sura watu wanazofanya wakisikia neno hilo. Kwetu bia ya pipa ni ya mwenye mfuko mwepesi. Senator ilianzishwa mwaka 2004 kuwavuta watu watoke kwenye chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ikauzwa kwa bei ya chini kwa sababu serikali ililegeza ushuru, na tangu hapo mwenye heshima zake huagiza chupa, tena ifunguliwe mbele yake. Ulaya mambo yamegeuzwa juu chini: bomba ndilo lenye heshima, chupa ni ya nyumbani. Nimeishi na mageuzo hayo miaka mingi bila kuwaza kwamba mtu wa kegi anaweza kuwa ndiye mjuzi niliyemhitaji.

Nilimweleza binamu kuhusu glasi ya Brussels: uchachu, sarafu, povu la matundu.

Hakuuliza nembo. Hakuuliza nchi.

"Kaka, hao wanauza ngapi kwa siku?"

Sikujua.

"Nenda ukaulize. Pipa likilala, limekufa."

Kisha akanisimulia mwaka 2013, serikali iliporudisha ushuru kwenye kegi na bei ikaruka. Wateja wake walipungua ghafla. Zamani alikuwa akimaliza mapipa kadhaa kwa siku moja. Sasa pipa moja lilikaa siku kadhaa. "Watu wanafikiri biashara ilikufa kwa sababu ya bei," alisema. "Bei ilianza. Lakini wale waliobaki niliwafukuza kwa ladha. Bia iliyokaa kwenye paipu usiku kucha, asubuhi unampa mteja wa kwanza. Huyo harudi." Ushuru ulipolegezwa tena mwaka 2015, alisema, kitu cha kwanza alichofanya kabla ya kuita wateja ni kubadilisha paipu zote.

Kesho yake jioni nilirudi kwenye ile baa. Nikamuuliza mhudumu, kijana mpole aliyekuwa peke yake kaunta, kwamba Guinness wanauza ngapi siku za kazi. Akafikiri. "Tano. Labda sita."

Pipa kubwa la kawaida ni la lita 50. Painti kamili ni mililita 568, kwa hiyo pipa linatoa kama glasi 88. Glasi tano kwa siku maana yake pipa linakaa wazi zaidi ya wiki mbili, na bia iliyo ndani ya paipu kati ya pipa na bomba inalala kila usiku, ikikutana na hamira na bakteria ambao hujenga utando ndani ya paipu zisizooshwa kwa dawa. Ndio wanaoleta uchachu. Ireland kampuni yenyewe hutuma mafundi kuosha paipu za baa. Huku inategemea mwenye baa ana moyo kiasi gani, na ana watu wangapi.

Nikamuuliza kuhusu gesi. Alinionyesha mtungi mmoja unaohudumia mabomba yote. Ikiwa ni hivyo, stauti ile ilikuwa ikisukumwa na hewa ya ukaa, gesi ya bia za kawaida, wakati yenyewe inataka mchanganyiko ambao takriban robo tatu ni naitrojeni. Povu la matundu nililielewa papo hapo.

Nilimpigia binamu kumweleza. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo hata Wazungu pipa linawalalia."

## Baa inayokuja kwa kontena

Baada ya hapo nikaanza kuzitazama baa za Kiairishi kwa jicho jingine, na jambo moja lilinikera kweli.

Baa hizi tunazozikuta kila mji, na mbao zake nyeusi, vibao vya enameli, baiskeli kuukuu ukutani na chupa za dawa za zamani kwenye rafu, nyingi hazikukua pale zilipo. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Dublin iitwayo Irish Pub Company, iliyoanzishwa na msanifu majengo Mel McNally, imebuni na kuuza mamia ya baa duniani kote, kwa ushirikiano wa karibu na Guinness katika siku zake za mwanzo. Unachagua mtindo: wa Kiviktoria, wa duka la kijijini, wa nyumba ya shamba, wa kiwanda cha bia. Kaunta na makabati huchongwa Ireland, hufungwa kwenye kontena na kusafirishwa.

Sina kinyongo na mbao. Baadhi ya baa hizo ni nzuri na zimewapa watu wengi mahali pa kukutania. Kinachonikera ni kwamba nimekuwa nikizichagua kwa mbao. Kila mgeni hufanya hivyo. Tunaona kinubi mlangoni na herufi za dhahabu, tunaamini kwamba aliyegharamika hivyo kwa kabati lazima ameosha paipu. Na aliyepanga mji wetu wa mapumziko, mwenye hoteli au kampuni ya uwanja wa ndege, anajua tunaamini hivyo.

Fedha iliyoingia ukutani haiwezi kuosha kitu chochote chini ya kaunta.

## Kilburn

Kazi ilinipeleka London, na nikaomba nipelekwe mahali Waairishi wenyewe wanakunywa, si mahali wanapowapeleka wageni. Nilipelekwa Kilburn, upande wa kaskazini-magharibi, mtaa waliohamia vibarua wa ujenzi kutoka Mayo na kaunti nyingine za magharibi mwa Ireland katika karne iliyopita. Wengi wameshaondoka au kufa. Baa tuliyoingia ilikuwa na zulia lililochakaa na runinga yenye mbio za farasi. Ukutani hakukuwa na baiskeli.

Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya kazi. Wazee kama kumi walikuwa wameketi, na mbele ya karibu kila mmoja kulikuwa na glasi nyeusi.

Nilisimama kaunta nitazame. Mama mwenye baa aliichukua glasi kavu, akaiinua kwenye mwanga, akailaza chini ya bomba na kuijaza robo tatu. Akaiweka pembeni. Akaenda kumrudishia mtu chenji, akauliza hali ya mke wa mwingine. Hakuitupia jicho, na wala hakuisahau.

Ndani ya glasi viputo vilikuwa vinashuka.

Ni kitu cha kutazama. Viputo ni vyepesi, vinatakiwa kupanda, na katikati ya glasi ndivyo vinavyofanya. Mwaka 2012 wanahisabati wa Chuo Kikuu cha Limerick walieleza kinachotokea: glasi ni pana juu na nyembamba chini, kwa hiyo viputo vikipanda wima vinaachana na ukuta uliolala, karibu na ukuta inabaki bia isiyo na viputo vingi, nzito zaidi, nayo inateremka ikiviburuta vile vilivyobaki. Unachoona kwa nje ni ule mteremko. Bia inazunguka yenyewe mpaka weusi utuame chini na krimu ijitenge juu.

Mama alirudi, akaimalizia mpaka povu likapanda kidogo juu ya ukingo, akaniwekea mbele. "Haya, mwanangu."

Ilikuwa ya ubaridi wa kiasi, haikuukaba ulimi. Uchungu ulikuja taratibu, kahawa na mkate uliochomwa, kisha ukaondoka wote bila kuacha uchachu. Kila funda liliacha pete ya povu kwenye kioo, dalili kwamba glasi haina mafuta wala mabaki ya sabuni. Nilikunywa nikimfikiria binamu. Nilimuuliza mama anamaliza mapipa mangapi, akacheka, akasema hajawahi kufungua pipa siku moja na kulikuta siku ya tatu. Paipu wanaosha kila wiki, Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua.

Tulikuwa ng'ambo ya bahari ya Ireland, katika mji ambao watu wake wamelalamika tangu enzi za Park Royal. Kama ningekuwa na karatasi ya wale wapimaji wanne, ningeandika 90.

## Rafiki yangu na chupa

Rafiki yangu wa Cork alizipokea habari za Kilburn vizuri. Aliniambia alikuwa anajua, kwamba London kuna sehemu, na kwamba usemi wake ni wa "kwa kawaida". Nikamkumbusha bia ya mji wake mwenyewe. Watu wa Cork wana Murphy's na wana Beamish, na kwa miaka zaidi ya mia mbili Beamish ilitengenezwa South Main Street. Mwaka 2009 kiwanda kile kilifungwa, ikahamishiwa kwa Murphy's, upande mwingine wa mji. Yeye ameendelea kuinywa.

"Ilivuka mto tu," alisema. "Na nilinuna mwaka mzima."

Lakini swali la mjomba lilikuwa bado halijajibiwa, na Kilburn haikuligusa.

Hapa Ubelgiji kuna chupa iitwayo Guinness Special Export. Hutengenezwa Dublin kwa ajili ya soko la hapa kupitia kampuni ya John Martin, na kilevi chake ni asilimia 8. Nilikuwa nimeipita dukani mara nyingi. Baada ya Kilburn niliinunua, sikuiweka kwenye friji, nikailaza glasi nikamimina alivyomimina mjomba. Shayiri iliyokaangwa, sukari guru, gesi inayouma, uzito. Ilinipeleka Nakuru moja kwa moja, karibu zaidi kuliko painti yoyote ya bomba niliyowahi kunywa, ya Kilburn ikiwemo.

Nikamwita rafiki yangu nyumbani, nikampa ya kwake, moto.

Aliinywa polepole. Aliuliza kwa nini haikupozwa, nikamweleza kwamba baridi huficha utamu na kuacha uchungu peke yake. Akauliza kama ya Kenya ni hii hii. Si hii hii: hupikwa Nairobi, kwa nafaka za kwetu, na Dublin hutuma kiini cheusi kinachobeba ladha, kama inavyofanyika Nigeria, ambako kiwanda cha Ikeja kilifunguliwa mwaka 1962. Nikamwambia pia kwamba mwaka 2007 Nigeria iliipita Ireland kwa kuuza Guinness. Hilo hakulijua. Aliniomba nilirudie.

"Ni bia nzuri sana," alisema mwishoni. "Ila hii si Guinness, ni kitu kingine."

Hapo ndipo tulipo mpaka leo, na hapo sitamwachia. Mtu akisema painti ya bomba ya Brussels ni mbovu, nitakaa upande wake na nitamweleza kwa nini, kwa hesabu ya glasi tano kwa siku. Mtu akisema kilichokuwa mbele ya mjomba wangu miaka arobaini hakistahili jina lililoandikwa kwenye chupa, nitamwonyesha mwaka 1801. Mamilioni ya watu kutoka Lagos mpaka Kisumu hawakudanganywa. Walipewa bia iliyotengenezwa kwa ajili ya safari, wakaitunza kwa namna yao, moto au baridi, na wana wajuzi wao ambao hakuna aliyewahi kuwapa karatasi ya kuweka alama.

Kwa bomba, sasa nina utaratibu. Naingia na kukaa karibu na kaunta kabla ya kuagiza. Nahesabu glasi nyeusi zilizo mbele za watu. Kama hakuna, naagiza chupa ya kitu kingine na sijuti. Kama zipo, natazama mkono: glasi imelazwa au imesimama, imepewa muda wa kutuama au imejazwa kwa mkupuo mmoja. Ikiwa kuna mechi ya raga ya Ireland siku hiyo, naenda, hata kama raga siielewi sana, kwa kuwa siku hiyo hakuna pipa linalolala. Nauliza siku ya kuosha paipu. Mwenye kuosha hujibu kabla sijamaliza swali.

Rafiki yangu amekata tiketi ya Desemba kuja Kenya. Mjomba ameshaambiwa, na ametenga kreti. Binamu anataka aletwe kwake Ijumaa usiku, siku ya mshahara, asimame nyuma ya kaunta aone mapipa yanavyobadilishwa, halafu ndipo aseme habari ya bahari.